Kaburi Lenye Mgomba

Wachimba kaburi walipokuwa wakitafuta mahali pa kumlaza mama, nyuma ya nyumba yetu Karambi, mmoja wao aligusa tuta la pembeni kwa jembe akaniuliza, "Na hapa yuko nani?"

"Mdogo wangu," nilisema. Halafu nikaona si kweli kamili, nikamwambia, "Ni mgomba."

Hakucheka. Kwetu watu wanaelewa. Mtu akifa na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likafungwa shuka na kuzikwa mahali pake, ili matanga yawe na mwisho na watu warudi mashambani.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa mvuvi Kahendero. Upepo uliupindua mtumbwi alfajiri. Mwenzake aliogelea akatoka. Sisi tulipata koti na kasia tu. Tulizunguka ziwa mpaka wazee wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, wakatuambia kwa upole twende nyumbani.

Muinjilisti wa kanisa letu alikataa kuombea shina. "Siwezi kumwambia Mungu ampokee mgomba," alisema. Mimi pia niliamini hivyo, lakini mama alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, hali wala halali, na baba mdogo akaona heri azike bila muinjilisti. Mvua ilikuwa inanyesha, vijana wakafanya haraka. Shina la namna hiyo hukatwa juu ya udongo. Wao waliling'oa zima, likaja na kisiki chake cha chini na mizizi. Tulipolibeba, mimi nilishika upande ule. Nilihisi uzito, nikaona udongo mweusi ukipenya kwenye shuka. Nikafikiri, si kitu, linazikwa tu.

Mvua zilipokolea, chipukizi likatoka kaburini.

Mama ndiye aliyeliona kwanza. Aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. "Njoo uone! Mwanangu yuko hai!"

Mama alilima ndizi maisha yake yote. Alijua kuliko mimi kwamba shina lililokatwa halichipui. Na kwa sababu alijua, aliamini. Hakuwepo lilipong'olewa, na shuka lilikuwa limefungwa lilipopita mbele yake. Kwake hii haikuwa kazi ya mvua. Mungu alikuwa amemjibu.

Kuanzia hapo alianika blanketi la mwanawe kila jua lilipotoka. Majirani walimwambia Mungu anaweza yote, wakaenda zao. Halafu akaanza kufunga nguo zake kwenye kitenge. Alisema anahamia Kahendero, akae pale mwaloni, ili mtoto akitoka majini amkute mtu wake. Kifua chake kilikuwa kibovu tayari, na baridi ya ziwa asubuhi tunaijua. Niliona kwamba akienda, nitamzika yeye pia. Nilijua neno moja la kumzuia, na sikulisema. Nilimwangalia akitabasamu, nikaingia jikoni kupepeta maharage.

Muinjilisti alisikia habari, akaja. Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja mpaka kaburini.

"Mama, hiki kitu ni cha shetani. Mwanao amekufa. Mnaabudu ndizi!"

Akainama kulishika. Mama alikuwa na ufagio mkononi.

"Gusa uone," alisema. "Shati hilo nani amekufulia? Mama yako. Rudi umwambie amalizie, akufundishe namna ya kuingia kwa watu."

"Nakuambia ukweli, mama."

"Umeniambia. Barabara ni ile."

Alienda, na ufagio nyuma yake. Ningecheka kama si kwamba alikuwa amesema kweli. Mwanawe alikuwa amekufa. Lakini tangu siku ile mama hakukanyaga kanisani, na nguo zilizokuwa kwenye kitenge zikaongezeka.

Siku ya soko nilishuka Bwera. Pale kuna mwanamke Mkongomani, Mkatoliki kutoka upande wa Butembo, anayeuza chumvi ya Kabatoro. Tulizoeana kwa sababu ya kununua kwake, naye huniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao. Habari za chipukizi zilikuwa zimefika hadi sokoni. Alinipimia chumvi, akaniangalia usoni.

"Yaya, ile mugomba ya mama, mulikata ao muling'oa?"

"Iling'olewa. Niliona mizizi."

"Na mama anajua?"

"Hapana. Ninampenda, siwezi."

Aliweka kipimo chini. "Bwana yangu, batu ba bunduki balimupeleka mu pori, hatukumuona tena. Batu bote baliniambia, ataludi, ataludi. Balinipenda, yaya. Lakini balinichelewesha kulia. Nilingoja, nilingoja, mupaka watoto bakasahau sura yake na mimi ningali napika sahani yake." Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Sasa weye unangoja nani? Askofu?"

"Naogopa itamuua."

"Basi usimwambie ukiwa umesimama ku mulango. Kaa naye. Twende, nitafunga biashara."

Alikunja turubai lake saa za soko lenyewe, wateja wakilalamika, akapanda nami hadi Karambi. Njiani alihesabu shanga za rozari yake. Mimi sisali hivyo, lakini nilifurahi kwamba mmoja wetu alikuwa anasali.

Mama alikuwa kando ya chipukizi. Tuliketi chini, mimi upande mmoja, mgeni upande wa pili. Nilimshika mkono.

"Mama, vijana hawakulikata shina. Waling'oa, kwa sababu ya mvua. Mimi nilishika kisiki kwa mikono hii. Mizizi ilikuwepo."

Aligusa jani la chipukizi. Kuku wakapita.

"Uliona mwenyewe?"

"Niliona mwenyewe."

"Basi ni ndizi."

"Ni ndizi, mama."

"Na mwanangu hakuzikwa," alisema. "Yuko huko na viboko, hana hata msalaba."

Sina masomo mengi, na sikuwa nimeandaa kitu. Nilisema ninachoamini. "Sisi ndio tulimtafuta tusimwone. Mungu hamtafuti. Ziwa ni lake, na mtoto ni wake. Siku ya kuwaita wafu, hatamwita kutoka kaburi hili. Atamwita kutoka alipo."

"Unaamini hivyo, au unaninyamazisha?"

"Naamini. Siku nyingine ni vigumu, lakini naamini."

Kisha akaomba jembe. Alichimba chipukizi taratibu, bila kukata mzizi hata mmoja, kama mtu wa kazi hiyo, akaenda kulipanda nyuma ya jiko. "Watakula watoto," alisema. Aliporudi aliketi chini akalia, si kile kilio cha kuonyesha watu. Mwanamke wa chumvi alivua kitambaa chake cha kichwa, akalia pamoja naye, labda akimlilia mume wake mwenyewe. Jioni mama alifungua kitenge, akarudisha nguo sandukuni.

Muinjilisti alirudi baadaye. Safari hii alibisha hodi.

"Mama, nilikosea siku ile."

"Hukukosea," mama alisema. "Ulisema kweli. Ila hukukaa." Akamsogezea kiti. Alikaa, akanywa chai, hakuhubiri. Jumapili mama alikuwa kwenye benchi lake la zamani kanisani, pembeni, karibu na mlango.

Muinjilisti huyo ndiye aliyemzika mama mwezi uliopita. Alisoma polepole, na alipomaliza hakuondoka. Yule wa Bwera alipanda na chumvi ya msiba. Nyuma ya jiko mgomba ulikuwa umekuwa shamba dogo, na wanawake walikata mikungu pale kupikia watu. Waliniletea sahani. Nilikula. Zilikuwa ndizi.