Bata wa Kutoka Bukini

Mama hakuwa mtu wa kumeza maneno, na mimi nampenda kwa hilo. Alizaliwa Diaca, bara, akaolewa huku pwani, upande wa Palma. Siku alipoingia nyumbani kwa mumewe, mavyaa wake, yaani bibi yangu, alimkabidhi bata bukini wawili, jike na dume. Akamweleza kwamba Bukini ni jina la kale la Madagaska, na kwamba mababu wa bata hao walivushwa bahari kutoka huko. Kwa hiyo na wao ni wageni kama yeye. Mama alicheka, akawafuga. Walizaana mpaka uani hapakanyagiki, na mtu akipiga hodi wao ndio walioitikia kwanza.

Kisha gesi ikapatikana baharini. Tukaambiwa kijiji chetu kitahamishwa, na kila kaya ya wenyeji itajengewa nyumba. Baba alikuwa ameshafariki. Siku ya mkutano, mdogo wake, ami yangu, akasimama mbele za watu.

"Huyu mke wa marehemu kaka ni mtu wa kuja," alisema. "Nyumba yake iko kwao, Diaca."

Mama akajifunga kanga vizuri, akainuka.

"Shemeji, wale bata wangu waitwaje?"

"Bata bukini."

"Yupo hata mmoja aliyeiona hiyo Bukini?"

Ami akatikisa kichwa.

"Wameanguliwa hapa, na Idi iliyopita weye umewala hapa hapa. Jina lakwambia bibi yao katoka wapi. Halikwambii wao waende wapi."

Watu wakaangua kicheko. Wazee wakakata shauri: mama ni mwenyeji, apewe nyumba. Ami alimnunia mpaka tukahama.

Tulipelekwa mbali na ufuko, kwenye ardhi ya watu wengine. Hata hatujazoea, ami akaja kwa mama, akaketi kizingitini na ndoo tupu.

"Shemeji, kisimani wamenambia nisubiri nyuma. Eti mie mtu wa kuja."

Nilitamani mama amsute, maana alistahili. Mama aliinuka tu. Aliingia bandani, akatoka na bata wawili, jike na dume, akamwekea mapajani.

"Haya, shemeji. Kawafuge."