Sauti Iliyobaki Kwenye Kompyuta ya Ndani

Tulikuwa wanne dukani kwa mwanangu, pale Kasulu anapotoa fotokopi: mimi, yeye mwenyewe, mjukuu wangu aliye mtoto wa marehemu binti yangu, na jirani yangu wa Busunzu, aliyeimba kwaya na huyo marehemu. Majina yao ninayo kichwani, hata ya babu zao.

Sauti ya binti yangu ilikuwa kwenye kompyuta yake ya zamani. Ilipoanza kufa, mjukuu akaihamishia yote ndani ya ile ya dukani, ikawa kompyuta isiyo na mwili, inaishi ndani ya mwenzake. Ile ya zamani tukaiuza chuma chakavu. Siku hiyo tukamsikia: “Mwakeye, mawe.” Kwa lugha yetu ni kusema, umeamkaje, mama. Nikalia mpaka wateja wakatoka.

Mjukuu akataka kuniwekea sauti hiyo kwenye simu, ila ilibidi kwanza itoke kompyuta ya ndani iingie ya nje. Akahangaika weee.

“Bibi, hii ya nje ni mwenyeji, ya ndani ni mgeni. Mgeni anakwenda mtandaoni kwa kupita mlango wa mwenyeji. Lakini mwenyeji akimwita, haitiki. Njia ya wao wawili sijaitengeneza.”

“Basi ni bibi harusi huyo,” jirani akasema. Kwetu zamani bibi harusi hakuitika akiitwa kutoka uani, mpaka siku atakapotolewa nje.

Mwanangu akacheka. “Inafika mpaka Ulaya, itashindwaje kufika hapa mezani?”

“Mjomba, usiiguse. Kesho nitatengeneza.”

Kesho yake mjukuu akaitwa hospitali Kabanga, mama mkwe wake kazidiwa. Huku nyuma wateja wakajaa, kompyuta ikawa nzito. Mwanangu akaona ile ya ndani inafungua mtandao vizuri, akadhani sauti na vyote vya ndani vimeshatoka. Akaifuta.

Mjukuu aliporudi aliitafuta, hakuikuta. Alikaa tu kwenye benchi la wateja.

“Si ilikuwa inatoka nje?” mwanangu akauliza.

“Ilikuwa inatoka, mjomba. Haikuwa imebeba kitu.”

Nimerudi kwangu Busunzu, huku Kibondo. Majina ya watu hayanipotei, lakini sauti haishikiki. Kila nikiamka imepungua. Baada ya “Mwakeye, mawe” nadhani alikohoa, ndipo akacheka. Au alianza kucheka. Jirani yangu, nawe uliyewahi kumsikia, kama nimekosea nisahihishe, maana sina tena pa kusikiliza.