Udongo wa Njano Ukutani

Mgodi wa urani ulipofungwa, majirani walirudi Tabora kwa njia ya zamani ya misafara. Nilibaki na binti yangu Flavia, mjamzito. Mgodi ulimfukia mume wangu, na kampuni haikunipa hata pole.

Jana Mwingereza wa kampuni alikuja na kisanduku cha kupimia udongo. Alipokisogeza kwenye ukuta niliopaka udongo wa njano wa mgodini, kikalia mfululizo.

“Mama, msiuguse,” mkalimani wake akasema.

Flavia akacheka. “Kuugusa tu, kaka? Mimi naula. Mimba inautaka.”

Mwingereza alipotafsiriwa maneno hayo, alimtazama Flavia tumboni.

“Udongo huu utamdhuru?” nikamuuliza.

Akafunga kisanduku, akaondoka.

Leo nimemkuta Flavia akikwangua ukuta tena. Nimemshika mkono kwa nguvu. Ananiuliza kwa nini, nami namfuta udongo wa njano vidoleni.