Feni ya Mgonjwa na Kompyuta ya Mwisho

Saa mbili asubuhi, Mama Nyaya amelala chali kwenye sakafu ya vani kuukuu, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje. Kinachoonekana ni kandambili na pindo la ovaroli. Ukimsalimia anajibu kwa kugonga bisibisi kwenye chuma, maana tochi ameibana kwa meno.

Kiti cha dereva kimeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Kwenye rafu, juu ya kitambaa safi, kimewekwa kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu. Mafundi wanakiita kompyuta ya gari. Ndicho kinachoamua mafuta yaende lini na moto uwake lini. Kikifa, injini hata iwe nzima namna gani, inabaki chuma tu.

"Kisiguswe na mtu," anasema akijitoa chini, akifuta jasho kwa kiwiko. "Hicho ni cha mwisho. Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu wote ninaowajua, havipatikani hata kwa dawa. Nikikiunguza hiki, gari hili tuliage."

Anajua anachosema. Wiki iliyopita alifunga kingine kama hicho, ndani ya gari hilihili. Liliwaka, likaondoka vizuri, halikufika hospitali.

Nyuma ya vani, kwenye kiti kirefu chenye godoro, amejiegemeza mwanamke aliyejifunika shuka. Figo zake hazifanyi kazi. Mara mbili kwa wiki mumewe, seremala, humpeleka hospitali kusafishwa damu. Zamu iliyopita ilimpita akiwa kando ya barabara, na tangu hapo miguu imevimba na pumzi anaivuta kwa shida. Daktari amemwambia mumewe bila kuficha: asikose tena. Zamu nyingine ni leo mchana.

Magari ya kukodi walishayajaribu. Hospitali ni mbali, mgonjwa hawezi kukaa wima, na dereva akishamwona anatapika, safari ya pili ana udhuru. Ndiyo maana vani limevutwa kwa kamba mpaka hapa na mgonjwa akiwa ndani yake. Likiwaka, waondoke moja kwa moja.

Mama Nyaya kazi hii alifundishwa na kaka yake mkubwa, marehemu sasa, aliyeanzisha gereji hii. Alimpa nyaya kwa sababu mikono yake ilikuwa midogo, inapenya asipopenya yeye. Jina likamganda.

"Zamani wateja walikuwa wananiuliza, 'Dada, fundi yuko wapi?' Nawaambia ametoka, we acha ufunguo tu," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. Siku nzuri anapata hela ya kula na ya kodi ya gereji. Siku mbaya anarudi nyumbani kwa miguu.

Kicheko hakidumu. Kosa la wiki iliyopita linamuuma, na hamsingizii mtu.

"Niliharakisha. Nilipima gari limesimama, kila waya ukasoma vizuri, nikafunga. Kompyuta haifi hivihivi, kuna kitu kinaiua. Mimi nilizika maiti, muuaji nikamwacha ndani ya gari."

Leo amepima kila waya tangu mapambazuko. Kila waya uko sawa, kama wiki iliyopita. Anakaa kizingitini mwa mlango wa vani, mikono magotini, na uso unaonyesha wazi kwamba anaogopa.

Nyuma yake mgonjwa anainua kichwa. "Fundi, samahani. Feni hii ndiyo hutangulia kuzima. Tukiruka tuta, feni inazima, halafu gari."

Mama Nyaya anageuka. "Feni gani, mama?"

Ipo pembeni ya mto wa kulalia wa mgonjwa, ndogo, imefungwa kwa skrubu za mbao. Seremala anaeleza kwa fahari kidogo kwamba aliifunga mwenyewe. Mkewe akitoka kusafishwa damu joto humzidi, anatapika njia nzima. Feni ilimpa nafuu. Waya aliuunga kwenye waya mmoja chini ya kiti cha dereva, kwa sababu aliona una umeme injini ikiwaka.

Mama Nyaya anafunua zulia. Waya wa feni umepita chini ya mguu wa chuma wa kile kiti kirefu, na hapo ngozi yake imelika mpaka shaba inaonekana. Ncha ya pili, iliyoviringishwa utepe, imeungwa kwenye waya unaotoka kwenye kompyuta kuamuru pampu ya mafuta. Kila tuta, shaba ilipiga shoti kwenye chuma, na pigo likarudi kwenye kompyuta.

Seremala anaangalia, anaelewa, anaketi chini kwenye mafuta machafu.

"Kumbe ni mimi," anasema. "Mke wangu, kumbe ni mimi ninayekuua."

"Nani amekwambia nimekufa? Nakusikia hapa," mkewe anamjibu kwa sauti ndogo. "Hebu inuka, mshikie fundi tochi. Meno yake yamechoka."

Anainuka, anaishika. Machozi yanamtoka na hayafichi.

Mama Nyaya anakata muungo ule na kuuziba. Halafu anafanya jambo ambalo hakuombwa: anavuta waya mpya kutoka kwenye betri, anaupa fyuzi yake, anaupitisha ndani ya mpira mbali na kile kiti, na kuifunga feni upya. Ndipo anapotoa waya wa betri, anaosha mikono, na kukichukua kile kisanduku kwa mikono miwili. Soketi inaingia, inalia tap. Anarudisha umeme na kuwasha.

Injini inaitika. Hafurahi bado. Anawaita mafundi wa jirani walisukesuke gari huku na huku, feni ikizunguka. Kiti cha dereva kikisharudishwa, anamwambia seremala apande tuta la langoni, arudi, apande tena. Haizimi.

"Feni umeniachia?" mgonjwa anauliza dirishani.

"Nimekuachia, mama. Haina kosa lolote. Nendeni."

Alasiri simu inalia. Ni seremala: mkewe yuko kwenye mashine. Mama Nyaya anasema "haya" mara tatu, anakata, anageukia ukutani kwa muda.

Jumapili ataanza tena kuzunguka kwenye vyuma chakavu, safari hii mpaka miji ya jirani. Anatafuta kisanduku kingine cha aina ile, na mahali pa kukiweka ni palepale kwenye rafu, juu ya kitambaa kilekile.

"Sikiuzi kwa mtu," anasema. "Kitakaa pale kwa ajili yao. Na naomba Mungu kijae vumbi. Siku nikikiangalia nikakuta vumbi limekuwa nene, nitajua mama bado anakwenda, na bado anarudi."