Mzaramo Aliyemwita Mtani Wake Mwizi

Tajudin Mwinyimkuu ana mdomo. Hilo Bariadi nzima inalijua, na yeye mwenyewe kwa miaka mingi alilihesabu kuwa ndiyo mali aliyotoka nayo kwao. Alikuja huku kutoka Kisarawe na fuko moja la kanga, akawa anazitembeza vijijini kwa baiskeli, na kilichouza kanga zile hakikuwa rangi zake bali maneno. Alipopata fremu karibu na stendi na kuanza kuuza mbegu, dawa na pampu za kunyunyizia pamba, watu waliingia dukani hata wasipokuwa na haja ya kununua. Walikuja kumsikia Mzaramo akiwatukana Wasukuma, na Msukuma wake akimjibu.

Msukuma mwenyewe alikuwa Masele, mtu wa Lalago, aliyefanya kazi dukani kwake miaka kumi na miwili. Ndiye aliyebeba mizigo, ndiye aliyewaeleza wazee kwa Kisukuma dawa inavyochanganywa, na ndiye aliyejua nani ana shamba la kweli na nani anajisifia tu. Mkataba wa kuandikwa haukuwepo. Kulikuwa na utani, na kwa wote wawili utani ulitosha.

Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na hawa wawili waliufanyia kazi utani wao kuliko duka. Masele alikuwa akiwaambia wateja kwamba babu yake alimnunua babu yake Tajudin kwa kibaba cha chumvi, akajuta siku ya pili kwa sababu jamaa hakujua kitu zaidi ya kucheza mdundiko. Tajudin naye alikuwa akimwita mla michembe, vile viazi vyao vya kukausha, mchunga ng'ombe za watu, mwizi. Mama yake Tajudin alipofariki, Masele aliingia msibani akajifunga kanga ya marehemu, akaanza kubishana na muuza mchicha kwa sauti ya mama yule kabisa, mpaka wafiwa wakacheka huku wakilia. Tajudin hakuwahi kumsahaulia wema ule. Alimpenda. Naliandika hili mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikirie vingine.

Siku moja ya mnada, msimu wa kunyunyizia, Tajudin alikuwa ametandaza bidhaa zake pembeni ya zizi la ng'ombe. Mteja mmoja alilipia pampu mbili, akazisahau, akakimbilia gari lake lililokuwa linaondoka. Masele akazitupa pampu begani, akatoka mbio kumfuata. Tajudin akamwona anavyokimbia, miguu huku na mikono kule, na mdomo ukamwasha.

"Mwizi huyo! Mkamateni! Msukuma ananiibia!"

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara mia kwenye uchochoro wa dukani kwake, ambako fundi cherehani na mama wa chai waliitikia kwa kicheko. Mnadani palikuwa na watu wa Itilima, wa Meatu, wa Busega, wanunuzi kutoka mbali, na wiki iliyotangulia walikuwa wameibiwa pikipiki mbili hapo hapo. Wao hawakumjua Tajudin wala utani wake. Waliona mtu anakimbia na vitu begani, na nyuma yake mwenye vitu anapiga kelele.

Tajudin alicheka. Hilo ndilo linalomla mpaka leo kuliko mengine yote. Fimbo ya kwanza ilipompata Masele yeye alikuwa bado anacheka, akidhani wenzake wamedakia mzaha. Alipoelewa, alikimbia akipiga kelele kwamba huyo ni mtani wake, ni mfanyakazi wake, hajaiba kitu. Nani angemsikia? Mgambo walipomtoa Masele chini ya miguu ya watu, nyonga ilikuwa imevunjika na goti halikuwa goti tena.

Polisi waliandika maelezo. Waliompiga walikuwa wengi na hakuna aliyekubali kumtaja mwenziwe. Tajudin naye alihojiwa, akaeleza utani, na askari aliyekuwa akiandika akamwambia hakuona nia ovu pale, ila mzee auchunge mdomo wake. Tajudin alitoka akimshukuru Mungu. Alijiona mtu aliyepatwa na msiba, basi, kama vile yeye ndiye aliyevunjwa nyonga.

Miezi mitano baadaye Masele alirudi kazini na gongo. Hakuweza kubeba, hakuweza kupanda ngazi ya stoo. Na kulikuwa na jambo jingine: baadhi ya wateja wageni walimtazama wakanong'ona, si yule aliyeshikwa mnadani? Tajudin alimvumilia wiki mbili, kisha akamwambia kwa upole aende nyumbani akapumzike, akipona kabisa atarudi. Wote wawili walijua nyonga ile haitapona kabisa. Wiki iliyofuata Tajudin alimweka Danford, mtu mwenye mabega, na kila alipoulizwa habari za Masele alijibu kwamba amempumzisha. Neno zuri hilo. Alilisema mpaka likaanza kumfariji.

Mwaka ukaisha na nusu yake. Binti yake Tajudin, Maftaha, anasoma biashara chuoni hapo mjini, na kipindi cha mitihani alikuwa na tabia ya kukaa dukani, akimpa baba yake daftari amwulize maswali. Siku hiyo lilikuwa somo la misingi ya sheria. Tajudin alivaa miwani na kuuliza kwa mbwembwe zake, na binti akajibu. Jinai ni kosa dhidi ya jamii nzima, mshitaki ni serikali, na kwa kawaida hutakiwa nia ovu. Madai ni mtu na mtu: ukimwumiza mwenzako kwa uzembe, hata bila nia mbaya, unawajibika kwa madhara ambayo mtu mwenye akili timamu angeyaona yanakuja. Kumwita mtu mwizi mbele ya watu, naye si mwizi, ni kumkashifu. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ili alipwe fidia. Kumwachisha kazi bila sababu halali na bila kumsikiliza si halali, hata kama hukuandika barua. Na kumwondoa kwa ajili ya ulemavu wakati ungeweza kumpa kazi nyingine ya kukaa ni ubaguzi.

Mbwembwe zilikuwa zimekwisha. Maftaha aliuliza kama amekosea mahali.

"Hujakosea," alisema baba yake. "Endelea."

Lakini hakuuliza tena. Alikuwa amekaa na daftari magotini akifikiria kile kiti kilichokuwa karibu na mizani, ambacho siku hiyo kilikaliwa na boksi la mbegu. Masele angeweza kukaa pale na kuzungumza na wateja mpaka azeeke. Kwa mwaka mzima na nusu alikuwa amejiambia kwamba lilitokea jambo moja, tena ajali. Sasa aliyaona mambo yalikuwa manne, kipigo cha watu, ukelele wake, kazi aliyomnyima na ubaguzi, na kwa matatu mhusika ni yeye, na mawili kati ya hayo aliyafanya akiwa ametulia, bila kupiga kelele wala kucheka. Aliona aibu, aibu ya kutotaka binti yake amtazame usoni.

Ijumaa baada ya swala alipanda gari la Lalago. Mfukoni alikuwa na fomu ya malalamiko aliyoichukua kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Siku thelathini za kulalamika zilikuwa zimepita zamani, lakini Maftaha alimweleza kwamba mlalamikaji anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu. Utampata wapi mwajiri wa aina hiyo, anayesafiri na karatasi ya kujishitaki mwenyewe? Njia nzima alipanga maneno, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimgomea.

Masele alikuwa uani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anachambua pamba. Tajudin alisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila." Zamani jibu lingekuwa tusi tamu. Masele aliitikia, akamwambia mkewe, Nyanjige, amletee bosi kiti. Bosi. Miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita hivyo.

Tajudin akaeleza yote, jinai na madai, ajira na ubaguzi, akatoa fomu. Akamwambia aijaze, amshitaki, naye hatapinga hata neno moja. Masele aliisikiliza sheria mpaka mwisho, akaigeuza ile karatasi, akaitazama na nyuma.

"Hii watasoma watu wangapi, bhabha?"

Tajudin alisema labda wawili, watatu.

"Wewe ulisema mnadani," Masele akasema. "Walisikia watu elfu. Monika wangu alichumbiwa na watu wa Migato, ng'ombe tulishapatana. Wakasikia baba yake ni yule mwizi. Ng'ombe zao hazijaja mpaka leo. Mguu nimeuzoea. Nenda pale pale, kwa mdomo ule ule, useme mimi si mwizi. Wazee wa Migato huwa wanakuja. Halafu hii karatasi tutaijaza."

Tajudin aliapa atafanya. Aliona ni jambo jepesi. Kusema, yeye? Alirudi Bariadi kifua kimefunguka kidogo.

Siku ya mnada alimwomba Maganga, dalali wa ng'ombe, kipaza sauti. Maganga alimpa akiwa ameshaanza kutabasamu. Tajudin akapanda juu ya mkokoteni. Wazee watatu wa Migato walikuwa wameegemea ubao wa zizi, na karibu na lango alisimama Masele na gongo lake, shati jeupe limepigwa pasi, Monika pembeni yake.

"Jamani," alisema Tajudin, "Masele wa Lalago si mwizi. Hajawahi kuniibia hata sindano. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Watu wakacheka. Si wote, walianza wenyeji wa mjini, wanaomjua. Mmoja akasema kwa sauti kwamba Mzaramo leo kaanza mapema. Mwingine akauliza Msukuma wake kamlipa michembe mingapi ili aseme hivyo. Tajudin akawaambia hatanii. Wakacheka zaidi, maana hivyo ndivyo anavyosema mtani anapotania. Akaeleza habari za pampu, za nyonga, za kazi aliyomnyima, na machozi yakamtoka mbele za watu. Mwenyeji mmoja akawaeleza wageni kwamba huyu na Msukuma wake ni watani wakubwa, msibani kwake mwenziwe alivaa kanga ya marehemu, na huku kulia ni mchezo wao. Wageni nao wakacheka. Mzee mmoja wa Migato alicheka mpaka akafuta macho kwa kiganja, akamwambia mwenzake kitu kwa Kisukuma, na wakageukia ng'ombe.

Maganga akachukua kipaza sauti chake taratibu. Alisema tumemsikia mtani, sasa turudi kwenye fahali huyu mwekundu.

Tajudin alishuka. Masele hakuwa amecheka wala kukasirika. Alimshika Monika mkono, akageuka, wakaanza kuondoka kuelekea barabarani, naye akikazana na gongo kwenye vumbi, shati lile jeupe likipotea na kuonekana katikati ya watu. Tajudin alitaka kumwita asimame, amwambie watajaza fomu leo hii, wataenda kwa hakimu, watafanya lolote. Akafungua mdomo. Kisha akakumbuka mahali alipo, na kwamba mtu yule alikuwa anaondoka kwa haraka mbele ya macho ya watu wote wale, akaogopa kupaza sauti nyuma yake.

Akaufunga mdomo.