Vidonge vya Mdogo Wangu

Kazi yangu Ufaransa ilikuwa kulea panya. Panya weupe, wa ukoo mmoja, waliozaliwa na presha kama walivyozaliwa na mikia. Tuliwazalisha wenyewe kwa wenyewe makusudi, tujue ugonjwa unarithiwaje na dawa gani inauzuia. Walioachwa hivi hivi, mishipa ya kichwani ilipasuka. Walioanzishiwa dawa mapema waliishi. Kila nilipowaandika daftarini nilimkumbuka baba, aliyeanguka msikitini, na shangazi, aliyeanguka jikoni.

Ndiyo maana mdogo wangu wa kike alipochumbiwa, nilirudi na kipimo cha presha na vidonge vya miezi sita. Zama zile mamluki wa Kizungu ndio waliokuwa wakitutawala visiwani kwetu. Uwanja wa ndege wa Moroni mmoja wao alivimwaga vidonge mezani, akavinusa, akacheka, kisha akanirudishia. Nilimchukia mno. Nikapita soko la Volo Volo kununua vitambaa alivyoagiza mama, nikapanda ndege ya kwenda kisiwa chetu cha Nzwani.

Nyumbani Mutsamudu nilimpima mdogo wangu chumbani. Presha ilikuwa juu sana, na yeye hakuhisi kitu. Mama akafunga mlango.

"Unatufananisha na panya, mwanangu?"

"Mama, ugonjwa huu uko kwenye damu yetu. Ndio uliomuua baba."

"Basi nyamaza. Nyumba yake nimeijenga miaka kumi na tano. Wakwe wakisikia, nani atamwoa? Mji wenyewe huu, ukikohoa wanakusikia nyumba ya tatu. Harusi ikiisha atameza."

Kwetu nyumba ni ya binti, huanza kujengwa angali mtoto, na harusi kubwa ndiyo heshima ya ukoo mzima. Nikanyamaza. Mimi, msomi! Mama akavifungia vidonge kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Likizo ikaisha, nikarudi kwa panya wangu.

Harusi ikaahirishwa, mara dhahabu haijatimia, mara mjomba hajarudi safari. Wiki ya ngoma za harusi mdogo wangu akaanguka ndani ya nyumba yake mpya. Walimbeba vichochoroni mpaka kwenye teksi, akafika hospitali ya Hombo hasemi tena.

Nilipokuja msibani mama alifungua kabati, akaniwekea vidonge mkononi, vyote. Mamluki alinirudishia dawa palepale. Mama alinirudishia baada ya mazishi. Lakini simlaumu peke yake. Panya wangu walioanzishiwa dawa sikuwakosesha hata asubuhi moja.