Mpishi Aliyesingiziwa Kitabuni

Émérence hakuweza kusimulia akiwa amekaa. Akifika mahali ambapo maiti inaonekana, anasimama, anaweka sindano zake za kufuma kitini, na kusukuma kwa bega mlango ambao haupo. Sisi wanawake kumi na wawili tuliokuwa tukijifunza kushona katika foyé, nyumba ya mafunzo ya wanawake ya kampuni, hapa Likasi, tuliacha kazi tukamtazama.

Ilikuwa mwaka 1974. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi za serikali, lakini tukiwa peke yetu tuliitana kama zamani. Mume wake, Fidèle, alikuwa fundi wa umeme kiwandani Shituru. Émérence mwenyewe alisoma kwa masista miaka sita, na kati yetu ni yeye tu aliyesoma Kifaransa bila kusita. Kitabu alichotusimulia alikikuta chini ya sanduku la nyuzi za sufu, lililoachwa na familia moja ya wazungu waliorudi kwao. Kilikuwa hadithi ya upelelezi, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka.

Kila Jumatano alitupa sura moja kwa Kiswahili chetu. Mzee tajiri amekufa katika chumba chake cha kusomea. Mlango umefungwa kwa ndani, maana ndiyo desturi yake akitaka kupumzika. Mezani kuna kikombe cha chai, nusu kimenywewa. Nyumbani wamo mke wake kijana, daktari, mpishi, na mpwa wake aliyefika jana yake kutoka ng'ambo baada ya miaka mingi.

Gertrude alimshika mke kuwa ndiye muuaji. "Mwanamuke wa namna ile, njo yeye!" Colette akamshika daktari, kwa sababu tu hakupenda madaktari. Albertine, mkimya wetu, hakumtaja mtu. Basi siku kurasa zilipokwisha bila jibu, Gertrude na Colette waligombana hata wakarudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake.

Fidèle alicheka aliposikia. Lakini alipotumwa kazini Lubumbashi wiki mbili, alipekua vitabu vikuukuu sokoni mpaka akapata kile kile, kizima.

"Kamata," alimwambia mkewe. "Soma mwisho, benzako basiuane."

Jumatano iliyofuata Émérence aliingia bila ucheshi wake.

"Ni mupishi," alisema. "Alikuwa karibu kufukuzwa kazi. Akatia sumu mu sukari."

Albertine aliweka mkasi chini. "Baba yangu alipikia bazungu miaka makumi mbili," alisema polepole. "Siku moya kijiko cha feza kikapotea. Bakasema njo yeye, bakamufukuza. Kisha bakakiona nyuma ya kabati, lakini hakuna muntu alikuja kumuita tena. Na kitabu nayo inasema ni mupishi?"

Émérence angeweza kusema ni hadithi tu, yaishe. Badala yake alivuta kiti akakaa karibu naye, akafungua kitabu magotini.

"Mama Albertine, weye unajua kazi ya mupishi. Uniulize."

"Ule muzee alikuwa anakunywa chai na sukari?"

Émérence alirudi nyuma kurasa nyingi. "Hapana. Iko hapa. Daktari alimukataza. Mupishi alimupikia hata biskuti zake kando, bila sukari."

"Basi alijua. Ataweka sumu mu kitu muzee hagusi?" Albertine alifikiri kidogo. "Na kikombe kilibakia nusu juu ya nini? Alisikia utamu, akaacha. Ile chai ilitiwa sukari na muntu hajue desturi ya nyumba. Ule wa kufika jana."

"Mpwa!" Gertrude alipiga kelele, akamsamehe mke wa marehemu papo hapo. Mwalimu wetu, Suzanne, alikuja mbio kutoka chumba cha pili akidhani pasi imemchoma mtu.

Émérence alichukua karatasi za daftari, akazishonea kwenye kitabu kilichopungua, akaandika mwisho wetu kama Albertine alivyousema. Kwa wiki nzima Albertine alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumapili alikwenda kwa baba yake, mtaa wa Kikula, akamsimulia yote kuanzia maiti. Mzee alisikiliza akimenya viazi. Jikoni kwake hakumwachia mtu kisu. Mwishoni akauliza neno moja tu:

"Na ule mupishi, bakamurudishia kazi?"

Albertine hakuwa amelifikiria hilo. Jumatano alilileta kwetu, nasi tukakubaliana wote: watu wa nyumba ile walimwendea mpishi kwake, wakamwomba msamaha mbele ya majirani, wakamsihi arudi. Émérence akaandika. Albertine akalipeleka jibu Kikula.

"Baba alisema hapana," alituambia aliporudi, na kwa mara ya kwanza tulimwona akicheka mpaka machozi. "Alisema, muandike mupishi alikataa. Alisema iko na restora yake sasa, na watu banapanga mustari kwa mulango."

Émérence alilamba ncha ya kalamu ya risasi, akaongeza hata chakula kilichopikwa siku ya kufungua mgahawa huo: samaki wa kukaanga, bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta mengi.